Shukrani kwa mzee wa kahawa pale Ngamiani

Shikamoo mzee wangu popote ulipo, hata jina sikukuuliza jamani, akili yote ilikuwa kwenye ule unyoya.

Mi nilikuwa natoka zangu Amboni, karibu na mapango nikaokota unyoya mkubwa wa kahawia una mistari mistari ya giza, nampigia simu waifu kujisifia anasema hicho ni cha bundi na hakiingii ndani kwake! Nikakaa barazani nina mawazo, mzee akaniambia lete nione mwanangu.

Rangi hata hakuangalia, akapitisha kidole pembeni tu. Akasema manyoya ya nje ya bawa la bundi ukingo wa mbele una vimeno kama kitana na juu laini kama mahameli ndo maana akiruka usiku humsikii, huu wako mkavu na vimeno hauna. Halafu upande mmoja mwembamba mwingine mpana, basi hilo bawa, ungekuwa wa katikati ya mkia pande zingelingana, na huku karibu na ncha unapungua ghafla kama umechongwa, kipanga akitanua bawa manyoya ya huko yanaachana kama vidole.

Kahawa yake ikapoa kabisa, na kashata akanilipia yeye.

Asante sana mzee. Unyoya uko juu ya tivi, ila waifu anasema kipanga naye mwizi wa vifaranga tu.