Funguo za ukumbi wa mtaa ziko kwa nani?

Mhariri,

Nimesoma kwa gazeti lako barua ya yule msomaji aliyesema kupeleka mzazi kwa makao ya wazee ni tabia ya wazungu na anayefanya hivyo anajitafutia laana. Sina ugomvi naye, pengine wazazi wake bado wanajua mlango wa choo uko wapi. Lakini nimekaa na hiyo barua wiki nzima nikaona wacha na mimi niandike, manake kuna kitu hajasema, na sisi tunaotunza wazazi waliopoteza kumbukumbu hapa Nairobi tunakijua vizuri sana.

Baba yangu ana miaka 78. Alikuwa dereva wa KBS, yale mabasi ya Kenya Bus Service, aliendesha basi mpaka enzi za Stagecoach, kampuni ya Uingereza iliyoyanunua, na baada ya hapo, na laini aliyoipenda ni 58 ya Buruburu. Sai tunaishi naye Umoja, mimi, baba watoto na watoto 3, nyumba ya vyumba viwili. Kila siku saa kumi alfajiri anaamka, anavaa koti na tai, anakuja kusimama kwa mlango wetu anauliza funguo za basi ziko wapi, depo Eastleigh wanamngoja. Mwaka wa kwanza nilikuwa namwambia baba wewe ulistaafu zamani, rudi ulale. Alikuwa analia. Yaani kila alfajiri anapata habari ya kuachishwa kazi kama ndio mara ya kwanza kuisikia, na mimi ndiye namletea. Siku hizi nimejifunza. Namwambia, "Baba, leo ni ofu yako, inspekta amesema upumzike." Anajibu, "Ai, si wangeniambia jana!" halafu anavua koti anarudi kulala. Wale wa ushirika wetu wanaosema huo ni uongo na mimi ni mtu nimeokoka, karibuni mlale kwangu usiku mmoja tu.

Kliniki ya kwanza tuliyoenda tuliambiwa ni uzee, mama, nenda nyumbani mpatie maziwa. Hospitali ya pili daktari akampatia karatasi na kalamu akamwambia achore saa, aweke namba zote halafu mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Mtu aliyeishi kwa saa maisha yake yote, dakika mbili ukichelewa kutoka depo unaandikiwa, aliweka namba zote upande mmoja zikarundikana kama abiria wanaogombania mlango. Hapo ndipo nilijua. Walimpima damu pia, tezi, vitamini B12, sukari, manake kuna magonjwa yanayoiga huu ugonjwa wa kusahau, kwa Kiingereza dementia, na yanatibika, kwa hivyo msikubali kuambiwa ni uzee kabla ya kupimwa. Kwa baba ilionekana ni presha aliyoikalia miaka mingi bila dawa, mishipa midogo ya kichwa imeziba kidogo kidogo, na pengine pamoja na Alzheimer, ile ambayo ndiyo inachukua sehemu kubwa, kama asilimia 60 mpaka 70 ya wagonjwa wa aina hii duniani. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 walikuwa milioni 57, na wengi wao wako nchi kama zetu, si Ulaya. Sisi hata jina hatujaupatia. Tunasema amerudi utoto, amechanganyikiwa, ana kichwa, na kule Kilifi tunajua wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi. Wajapani walikuwa na jina la ugonjwa huu lenye matusi ndani yake, mwaka 2004 serikali yao ikakaa chini ikalibadilisha. Sisi tunangoja nini?

Sasa nirudi kwa yule msomaji wa laana. Anasema mzee akae nyumbani kwa watoto wake. Sawa. Mimi baba alikuwa nyumbani kwangu, na unajua alikuwa anakaa aje? Nilikuwa namfungia. Nimeandika hivyo na sirudishi. Asubuhi moja dada wa kazi alikuwa ameenda kununua maziwa, baba akatoka na koti lake, akafuata Jogoo Road kwa miguu mpaka raundabauti ya City Stadium. Makanga mmoja ndiye alimwona anasimamisha matatu katikati ya barabara na kuuliza kila dereva kwa nini ametoka depo bila vijitabu vya tiketi. Akamketisha kibandani, akamnunulia chai, akangoja. Huyo kijana sitamsahau. Baada ya hapo nilishona namba yangu ya simu ndani ya kola ya koti, halafu nikanunua kufuli. Natoka saa kumi na mbili kwenda kazini, nafunga, dada yuko ndani naye, wote wawili wafungwa. Jioni narudi nampata ameketi kwa kiti ameshika kifuniko cha sufuria kubwa kwa mikono miwili, anakata kona. Dada wa tatu aliacha kazi mwezi wa pili, na simlaumu, nilikuwa nimemwajiri wa kupika na kufua.

Kwa hivyo mzee kuwa nyumbani na mzee kutunzwa ni vitu viwili. Mtaani kwetu peke yake najua nyumba 4 ambazo kuna mzee nyuma ya kufuli, na hizo ni zile zimeniambia baada ya mimi kusema kwanza.

Nilienda kuuliza makao pia. Moja ya kulipia, sitaitaja jina, nyasi imekatwa vizuri, geti lina askari, nikaambiwa ni elfu 90 kwa mwezi, daipa na dawa ni juu yangu. Daipa pakiti ya 10 sinunui chini ya elfu moja, na pakiti haimalizi wiki. Nikauliza wazee wanafanya nini mchana. Yule mama wa ofisi akanionyesha televisheni. Wazee kama 9 wameketi mstari mmoja wanatazama katuni, hakuna anayeongea na mwenzake. Nikafikiria, elfu 90 ya katuni, hata kwangu ako nayo bure. Najua kuna Nyumba ya Wazee ya masista pale Kasarani, kuna Mji wa Huruma wa kaunti, Mungu awabariki, lakini hizo ni za wazee wasio na mtu na wasio na kitu, na ndivyo inafaa kuwa. Mimi nina baba na baba ana mimi, tatizo langu ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Pesa ya serikali? Baba ako kwa Inua Jamii, ule mpango wa pesa za wazee, 2,000 kwa mwezi, ikija. Inaweza kukaa halafu ije ya miezi miwili pamoja. Nashukuru, inanunua daipa pakiti moja na kitu kidogo. SHA, ile bima ya afya ya serikali, tunakatwa kwa mshahara, asilimia 2.75, nayo inasaidia mtu akilazwa, lakini mtu wa kukaa na mzee mchana kutwa ni mfuko wangu. Na Katiba kifungu cha 57 kimesema wazee wapate matunzo na usaidizi kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Imeandikwa zote mbili. Familia mnaiona hapa, yule mwingine yuko wapi?

Nina binamu yangu Minnesota, kazi yake huko ni hiyo, kuosha na kulisha wazee wa watu waliosahau. Tukiongea usiku ndiye ananifunza, hata ile ya kusema leo ni ofu ni yeye. Nilikuwa nafikiri huko kuna mashine fulani. Anasema hapana. Mlango wa kila mzee umewekwa kisanduku cha picha zake za ujana ndio ajue chumba ni chake, chakula ni saa ile ile na kiti kile kile, wanakunja taulo, wanaimba, na kuna bustani ya kuzunguka ambayo njia yake inakurudisha ulipotoka, kwa hivyo mtu anatembea mpaka achoke na hapotei. Uholanzi wametengeneza kijiji kizima hivyo, De Hogeweyk, tangu 2009, kuna duka na mkahawa ndani na wahudumu hawavai yunifomu. Lakini bei! Binamu anasema familia za huko pia zinauza nyumba kulipia, manake ile bima ya wazee ya serikali yao, Medicare, hailipii mtu kuishi kwa makao. Kwa hivyo tusidhani wenzetu wamemaliza hii hesabu. Na kuna jambo linaniuma, vijana wetu wanalipa kozi za kutunza wazee kwa vyuo vya pale tauni, orofa ya tatu juu ya maduka ya simu, ndio waende kuosha babu wa watu ng'ambo, na Uingereza yenyewe imefunga hiyo njia ya viza za kuajiri watunzaji kutoka nje Julai 2025, sasa wamejaa hapa na vyeti. Na mimi natafuta dada wa nne.

Kitu kilichotusaidia kilianza kwa bahati tu. Parokia yetu kuna mama mmoja, nesi mstaafu, mumewe alikufa na ugonjwa huu huu. Alisema ukumbi wa kanisa unakaa bure Alhamisi, tuwalete. Tulianza na wazee 3, sasa ni 11. Saa tatu mpaka saa tisa. Kila familia inatoa 200 na kitu cha kupika. Hakuna daktari, hakuna mashine. Kuna meza, chai ya maziwa, na mtu mlangoni ambaye kazi yake ni kumsindikiza anayetaka kwenda nyumbani, wanazunguka kanisa mara moja wakiongea, wakifika tena mlangoni mzee anakaribishwa kama mgeni.

Siku ya kwanza mtu alileta drafti, ule ubao wa kuchora na vifuniko vya soda. Baba hajui jina langu siku zingine, ananiita kwa jina la marehemu dada yake, lakini Mhariri, alipiga vijana wawili wa kwaya na akawacheka! Alikuwa anasukuma kifuniko kwa kidole kimoja, polepole, halafu anaegemea nyuma na kukunja mikono kabla hata mwenzake hajaona kwamba ameliwa. Sikuwa nimeona hiyo sura miaka 3. Kuna shosho mmoja aliuza nafaka Gikomba maisha yake, hatulii, anavuta vitambaa vya meza. Tukampatia ungo na kilo mbili za maharagwe zimechanganywa na mahindi. Alichagua saa nzima, haraka kuliko mimi, akaweka mafungu mawili safi akauliza mteja yuko wapi. Mteja alikuwa mimi. Nililipa na noti, nikapeleka jikoni, tukachanganya tena kwa wiki inayofuata. Kuna mtu aliniambia hiyo ni kumchezea mama wa watu. Nimeifikiria sana hiyo na bado nasema hapana, manake siku hiyo analala bila kuvuta mashuka, binti yake ndiye ananiambia.

Na Alhamisi alfajiri baba akiniuliza funguo namwambia leo uko zamu, lakini ni ya saa tatu. Anangoja na tai yake.

Sasa ni Alhamisi peke yake. Siku zingine 4 za kazi kufuli linarudi. Ndio naandika. Sisi wa Eastlands hatuombi De Hogeweyk. Kaunti ina kumbi za mitaa kutoka zamani, Kaloleni, Pumwani, na zingine nyingi ambazo baba zetu walicheza dansi na ndondi ndani. Ukumbi wa karibu na sisi Jumatatu mpaka Ijumaa umefungwa, wikendi unakodishwa kwa harusi na matanga. Wale wanafunzi wa kozi za kutunza wazee wanatafuta mahali pa kufanya mazoezi, waje. Wale wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mabegi mwaka 2023, wenye mashine ya kupima presha na sukari, wanapita kwetu kila mara, wakipita ukumbini watapima wazee 20 kwa asubuhi moja badala ya kugonga milango iliyofungwa kwa nje. Na kwa kupima presha hiyo hiyo watatugundua na sisi watoto kabla hatujafika hapo, manake hii ya baba ingeweza kucheleweshwa, daktari alisema wazi.

Nimeenda ofisi moja ya kaunti mara tatu kuuliza ukumbi. Mara ya kwanza niliambiwa niandike barua. Niliandika. Mara ya pili barua haionekani. Mara ya tatu niliambiwa ukumbi hauna shida, shida ni funguo ziko na mtu wa kitengo kingine na yeye ako livu. Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Kama kuna anayemjua huyo mtu, au yeye mwenyewe anasoma gazeti hili, tafadhali amwambie tunaweza kufagia wenyewe, viti tunavyo, tunataka tu afungue Jumatatu saa tatu.

Binti ya dereva,
Umoja, Nairobi