Anayesomesha watoto nyumbani apange ziara kwa bamvua, si kwa Jumamosi

Mhariri,

Wazazi wanaosomesha watoto nyumbani wana kitu ambacho shule haina: ratiba iliyo mikononi mwao. Hata hivyo ziara nyingi za pwani bado zinapangwa Jumamosi, kama za shule, bila mtu kuuliza maji yatakuwaje siku hiyo. Watoto wanafika ufukweni bahari imejaa, wanachezea mchanga, wanakula chipsi, wanarudi nyumbani. Darasa zima lilikuwa chini ya maji.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, huja bamvua, yaani maji makubwa: kati ya kujaa na kupwa kuna tofauti ya mita 3 hivi, pengine na zaidi. Wiki inayofuata ni maji mafu. Tofauti hushuka hadi karibu mita 1, na miamba mingi haichomozi kabisa. Bahati yetu ni kwamba kwa Dar es Salaam, na pia Unguja na Mombasa, kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi, saa 4 hadi saa 5 hivi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kukadiria bila jedwali: tarehe 1 hadi 3, kisha 15 hadi 17. Jedwali la maji ni la kuhakikisha saa. Chagueni siku ambayo kupwa kumeandikwa mita 0.5 au pungufu. Na angalieni: majedwali mengi huandika saa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 10:20 ni saa 4 na dakika 20 asubuhi. Programu za simu nazo huweza kuwa zinaonyesha bandari nyingine kabisa. Soma jina la bandari kwanza.

Kabla ya kutoka nyumbani, mtoto wa miaka 10 na kuendelea apige hesabu hii mwenyewe. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kupwa na kujaa kwa 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3, saa ya kwanza ni sentimita 25 tu, lakini ya tatu peke yake ni sentimita 75, yaani mtoto mdogo kiunoni. Wanaonaswa huko nje wengi hudanganywa na ile saa ya kwanza, maana maji yanaonekana kama yamelala. Tena penye bonde au mkondo kati ya ufukwe na mwamba, maji hujaa nyuma yenu kabla hayajafika mlipo. Kwa hiyo ingieni muda wa saa 2 kabla ya kupwa, mkifanya kazi huku mkiyafuata maji yanavyotoka, na dakika ya kupwa yenyewe ndiyo ya kugeuka. Mtu mzima mmoja kwa watoto watatu au wanne, na mwingine abaki nchi kavu na saa mkononi. Huyu wa nchi kavu ndiye mwenye neno la mwisho, hata kama watoto wameona pweza.

Kazi yenyewe inahitaji vifaa vya bei nafuu. Kwanza kamba ya mita 50 isiyovutika. Wekeni alama kila mita 5 kwa kufunga vitambaa vya rangi. Msipige mafundo, kwa sababu kila fundo hula urefu wa kamba na vipimo huharibika. Pili, fremu ya mraba ya mabomba ya plastiki ya nusu inchi: vipande 4 vya sentimita 50 na kona 4. Kona huongeza kidogo, hivyo unganisheni bila gundi, pimeni upande wa ndani, kisha punguzeni mabomba mpaka ndani ibaki sentimita 50 kamili. Toboeni matundu kadhaa kila upande. Fremu isiyotobolewa hubaki na hewa ndani na kuelea kwenye vidimbwi, na watoto humaliza muda wakiikimbiza. Vuteni mshipi wa kuvulia kila sentimita 10, minne kwa huku na minne kwa huku. Mnapata vyumba 25, kila kimoja asilimia 4.

Kamba hulazwa kutoka ukingo wa maji makuu kushuka baharini, na kwenye kila kitambaa fremu inawekwa. Mwani na majani ya bahari hukadiriwa kwa asilimia: chumba kilichofunikwa zaidi ya nusu kinahesabiwa, kisichofika nusu kinaachwa. Kaa, konokono, jongoo bahari na viti vya pweza (wale viumbe wenye umbo la nyota) wanahesabiwa mmoja mmoja. Msichanganye njia hizi mbili kwenye safu moja ya daftari. Kosa linaloharibu kazi hii kuliko yote ni mtoto kusogeza fremu kidogo ili imwingize kaa mzuri aliyemwona pembeni. Mweleze kwamba fremu tupu nayo ni jibu, na iandikwe sifuri. Andikeni kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hutoka ukilowa.

Mwenye mtoto wa miaka 12 au 13 aongeze kupima mteremko wa ufukwe. Hapa ndipo jiometria inapopata miguu. Tafuteni fito mbili zilizo sawa, za mita 1.5 kila moja, ziwekwe alama kila sentimita 2 kuanzia juu kwenda chini, na uzi wa mita 2 kati yake. Mtoto mmoja anasimamisha ufito upande wa bahari, mwingine upande wa nchi kavu. Huyu wa nchi kavu anainamisha jicho mpaka ncha ya ufito wa mwenzake ilingane na mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Alama iliyo mbele ya jicho lake kwenye ufito wake ndiyo kiasi ambacho ardhi imeshuka ndani ya mita 2 hizo. Wanasogea, wanapima tena, wanajumlisha, na jioni wanachora ufukwe mzima kwenye karatasi ya miraba. Ufito ukizama mchangani vipimo hulala, basi chini yake pigilieni kipande cha ubao. Njia hii inataka bahari wazi kama pale Oysterbay. Penye kisiwa au mikoko mbele hakuna mstari wa kulinganisha.

Mkifunua jiwe, lirudisheni lilivyokuwa, upande uleule juu. Mayai na viumbe walio chini yake hufa juani kwa muda mfupi. Makombe matupu yabaki, kwa kuwa kuna kaa wanaoyatafuta kuwa nyumba. Konokono mwenye umbo la pia asishikwe kamwe akiwa hai, ana mwiba wa sumu. Viatu ni raba kuukuu zenye soli ngumu. Kandambili hubaki kwenye tope na mguu ukaenda. Akichomwa na samaki wa sumu anayefanana na jiwe, mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili, yasizidi nyuzi joto 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku mkiwa njiani kwenda hospitali. Mzima ayajaribu maji kwa mkono wake kwanza, kwani mguu wenye maumivu makali hautambui kuwa unaungua. Ndiyo maana chupa ya chai yenye maji ya moto ni lazima mfukoni mwa safari.

Maji mafu nayo yana kazi yake: nendeni kwenye mikoko, Kunduchi kwa mfano. Mlilana husimama mbele baharini, mkoko wenye mizizi ya kama magongo hufuata. Mchu hutoa chumvi kwenye majani. Mtoto alambe jani mara moja, hatasahau. Fremu ileile itumike kuhesabu mizizi ya mchu inayochomoza topeni kama penseli.

Ombi la adabu: pweza na mwani ni riziki ya watu. Pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, akina mama hufuata bamvua hizohizo, na mkikatiza kati ya kamba zao mnakata mazao. Salimieni, ombeni njia, na mama akikubali kuwaonyesha watoto kazi yake, mlipeni muda wake kama mnavyomlipa mwalimu wa ziada. Kwa upande wa bara, waarifuni viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani) wa eneo. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi: kuna kiingilio, na hakichukuliwi kitu.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Tengeni nafasi ndogo kila Ijumaa ya kuchapisha saa na vimo vya maji kujaa na kupwa kwa wiki inayofuata, Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mtwara, kwa saa zetu za Kiswahili, na siku za bamvua ziwekwe alama nyeusi. Mistari saba kwa kila bandari inatosha, na wavuvi pia wataisoma.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam