Salamu za Pasaka kwa nyumba zilizofiwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Salamu hizi ni za nyumba ambazo pilau ya Pasaka itapakuliwa na sahani moja itabaki kabatini.

Pasaka yenyewe ilianzia kaburini. Katika Yohana 20, Mariamu Magdalena amesimama nje ya kaburi analia, na hakuna anayemkaripia. Anaulizwa tu analilia nini, kwanza na malaika, kisha na Yesu mwenyewe, ambaye anamdhania mtunza bustani. Anamtambua pale anapoitwa kwa jina. Basi anayekwambia kwamba mwenye imani halii, sura hiyo kaipitia juujuu.

Wamoravian wanalijua hili tangu 1732, vijana wa Herrnhut, Ujerumani, walipokwenda makaburini kuimba kabla jua halijachomoza. Kama usharika wako una ibada ya alfajiri makaburini, nenda, ila usiende mikono mitupu. Jumamosi pita kwanza na jembe, palilia, zoa majani. Ukiliona kaburi kwa mara ya kwanza tangu mazishi mbele ya kwaya na umati, magoti yanaweza kukuishia. Nenda na mtu mmoja aliyemjua marehemu, na mpatane mapema kwamba ukizidiwa mtaondoka bila maelezo.

Nyumbani, jioni, soma Zaburi 13 kwa sauti. Ina mistari 6 tu, na katika miwili ya kwanza "hata lini" imo mara 4. Ukishindwa kufika wa 5, penye kutumainia fadhili za Bwana, ishia wa 2, kesho uanze tena. Wengi hukosea hapa: wanarukia wimbo wa mstari wa 6 kwa sababu watu wanawatazama, na kilio kilichomezwa hutokea kwingine, kwa kuwafokea watoto au kukodoa macho saa nane za usiku.

Nanyi mnaokwenda kuwapa pole, jifunzeni kwenye njia ya Emau, Luka 24. Yesu anawauliza wale wawili, "Mambo gani?" ilhali anayajua yote, na anawaacha wasimulie mpaka waishe. Litajeni jina la marehemu. Ulizeni alipenda nini siku kama hii. "Mungu kampenda zaidi" liacheni. Mfiwa akilisikia huanza kumwogopa Mungu aliyemhitaji.

Simu hulia mpaka arobaini, baada ya hapo kimya. Lakini majira ya Pasaka ni siku 50, hadi Pentekoste, yaani wiki 7. Jumuiya igawane: kila wiki mtu mmoja, kilo ya sukari, saa moja ya kuketi, na vyombo avioshe yeye, maana aliyefiwa akianza kuhangaika na chai ya mgeni hapati nafasi ya kusema lililomkaa moyoni.

Usingizi ukipotea kwa wiki kadhaa, chakula kikikataa kupita, mpelekeni kwa daktari, mchungaji naye aendelee kuomba. Akitamka kwamba hataki kuishi, msimwache peke yake, hospitali ni siku hiyohiyo.

Kristo amefufuka! Na wewe ambaye koo litakukaba kwenye "amefufuka kweli kweli", nyamaza tu. Mwaka huu benchi zima litakuitikia.