Barua ya malalamiko: Kasha la diski lisilopumua na waranti iliyokataliwa kwa kiganja

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUKATALIWA WARANTI YA KASHA LA DISKI NNE NA DISKI MBILI ZILIZOHARIBIKIA NDANI YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya waranti mnayajua, mmeyaandika wenyewe. Kilichonifanya niandike ni fundi wenu wa dawati la mapokezi. Alichomoa diski kwenye kasha lililozimwa tangu jana yake, akaishika kiganjani, akasema mbele ya foleni nzima: "Mbona ya baridi? Diski haihitaji feni, umeichezea mwenyewe." Akagonga muhuri wa kukataa bila kuwasha chochote.

Joto la diski husomwa, tena ikiwa kazini: SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe, kipengele namba 194. Amri ya kompyuta ni smartctl -a na jibu huja papo hapo. Kiganja hudanganya pande zote mbili, maana diski yenye nyuzi 50 itahisiwa ya moto mkononi na bado iko ndani ya kiwango, na iliyopikwa jana leo ni ya baridi.

Sidai kwamba kila diski inahitaji feni yake. Diski moja ndani ya kompyuta yenye nafasi, feni ya kasha ikivuta hewa, hujimudu. Najua pia uchunguzi wa Google wa mwaka 2007, wa diski zaidi ya laki moja, uliokuta kwamba joto la wastani si muuaji mkubwa kama ilivyodhaniwa. Lakini uchunguzi huohuo ulionyesha madhara kwenye joto la juu kabisa, hasa kwa diski zilizozeeka, na huko ndiko kasha lenu linakozipeleka. Diski nne za inchi 3.5, mizunguko 7200 kwa dakika, kila moja ikila wati 6 hadi 8, zimebanwa zikiachana milimita 3. Hiyo ni takriban wati 30 ndani ya boksi lililofungwa, na feni ya nyuma ni ya milimita 40. Programu ya kasha huiwasha joto likifika nyuzi 60, na nyuzi 60 ndizo kikomo ambacho mtengenezaji wa diski hizi ameweka! Baada ya saa tatu za kunakili, diski mbili za katikati zilisoma 61, za pembeni 52. Kipengele namba 5, idadi ya sekta (sehemu ndogo za kuhifadhi data) zilizoharibika na data yake kuhamishiwa kwingine, kilikuwa 0 kwenye zote nne. Sasa hizo mbili za katikati zina 184 na 97, na namba 197, sekta zenye shaka zinazosubiri kuhamishwa, inaendelea kupanda.

Haya yote yalikuwa kwenye barua pepe niliyowatumia wiki mbili kabla ya siku ile ya dawati. Haikujibiwa.

Narudia, kwa sababu sidhani kama mmenielewa: fundi alipima joto kwa kiganja, kwenye diski iliyozimwa, kisha akaandika sababu ya kukataa kuwa "skrubu zimeguswa". Kasha mnaliuza tupu. Bila kufungua skrubu nne za kifuniko, diski inaingilia wapi? Nilipomwonyesha chapisho la vipimo alilisukuma pembeni bila kulitazama, akaita, "Anayefuata!"

Marekebisho yenyewe si makubwa. Feni moja ya milimita 120 ya mwendo wa polepole, ipulize kwenye nafasi kati ya diski. Ianze kwenye nyuzi 40. Ikae juu ya vipande laini vya mpira, kwa kuwa mtikisiko huvitoa vichwa vya kusoma kwenye njia. Nafasi iongezwe hadi sentimita 1. Na kitundu cha hewa cha diski kisizibwe na stika yenu ya waranti, kama ilivyozibwa kwenye mojawapo ya zangu.

Nilikuja kuomba kasha jingine tu. Sasa nataka kasha na diski mbili mpya. La, kasha la muundo uleule litaziua na hizo pia: nirudishieni fedha zote, za kasha na za diski nne, pamoja na maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyegonga muhuri. Nawapa siku 14. Baada ya hapo kumbukumbu za joto, picha ya stika na fomu yenye muhuri wenu zitafika kwa mamlaka ya kuwalinda walaji, na sitapokea tena simu ya kunituliza.

Wenu mteja.

Viambatisho: chapisho la SMART la diski zote nne, picha ya stika, fomu ya kukataliwa.