Nyumba ya bei nafuu na trasti ya familia, bodi ituambie wazi

Mhariri,

Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Kaptembwo, Nakuru, nyumba ya bei nafuu nilipata na nalipa kila mwezi, nashukuru Mungu sana. Kinachoninyima usingizi ni kitinda mimba wangu, ana miaka 19 na haongei, hata dukani hawezi kutumwa, sasa nikifa leo hio nyumba atawekewa na nani?

Baba yangu alikufa bila kuandika kitu. Tukaanza na barua ya chifu, tukaenda koti, ikatangazwa kwa gazeti la serikali tukangoja siku 30 za pingamizi, halafu miezi sita tena kabla koti ithibitishe, na hapo ndio vita ikaanza, miaka minne, ndugu zangu wawili hawasalimiani mpaka wa leo. Kijana wangu hawezi kusimama mbele ya jaji aseme hii ni yangu.

Tangu 2021 sheria yetu inakubali trasti ya familia, unaiandikisha ukiwa hai, unaingiza mali, unachagua wadhamini unaowaamini wa kumshikia mtoto hio mali, na ukifa trasti yenyewe inabaki. Nikakimbia kwa wakili na furaha. Akaniuliza, mama, hio nyumba ni yako? Nikasema ndio. Akasema bado, hati haijatoka kwa jina lako, ulicho nacho ni mkataba, na tena Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inasema huwezi kuuza nyumba wala haki yoyote ndani yake kama Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu haijakupa idhini ya maandishi.

Hio sheria naielewa na naiunga mkono, bila hio wenye pesa wangezinyakua zote. Lakini mimi siuzi! Hakuna mtu ananipa hata shilingi, nitalala humo humo na kulipa ni mimi. Marekani wana sheria ya 1982, ukiweka nyumba unayoishi kwa trasti yako mwenyewe na bado wewe ndio mnufaika, benki haiwezi kukudai deni lote mara moja eti umehamisha mali. Huku nimezunguka ofisi mara tatu, wa kwanza akasema nimalize kulipa kwanza, wa pili niandike barua, wa tatu trasti hakuijua kabisa.

Naomba bodi itoe fomu moja ya watu kama mimi, iseme trasti itafuata masharti yale yale, isiuze bila idhini, na nikifa deni lililobaki litalipwa na nani. Hio tu.

Na nyinyi wamama wenye watoto kama wangu, tafadhali msisaini karatasi za pembeni kabla bodi ijibu, mnaweza kuharibu mkataba. Barua yangu nilipeleka wiki jana, kopi ikagongwa muhuri, nimeiweka pamoja na risiti za nyumba.

Mama wa Kaptembwo,
Nakuru