Mhariri, hiyo Aprili ni ya wapi?

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna kitu kwenye makala yenu ya maboga makubwa kimenikera, yale majitu ya kubebwa na foklifti. Makala yenyewe safi na picha safi, ila mwandishi kasema tu mbegu ziingie udongoni katikati mpaka mwisho wa Aprili, akaweka nukta, akahamia kwenye mbolea. Sasa Aprili ya wapi? Manake huko New Zealand na Australia Machi na Aprili ndo watu wanapima maboga yao kwenye mashindano ya uzito, mbegu walishatia tangu Oktoba, ukimwambia apande Aprili baridi inamkuta boga bado kama embe.

Hiyo Aprili ni ya Canada, kaskazini mwa Marekani na Ulaya. Wale siku ya kupima inakuwa mwanzoni mwa Oktoba kwahiyo wanahesabu kurudi nyuma, na hapa ndo penyewe, tarehe ya muhimu sio ya kupanda mbegu bali ya kuchavusha ua, yaani kupaka chavua, ile unga ya ua dume, kwenye ua jike. Boga la mbegu ya Atlantic Giant, ile aliyoitoa mkulima mzee Howard Dill wa Nova Scotia huko Canada, linataka kama siku 80 mpaka 100 toka ua lichavushwe, na mmea nao unataka siku 55 mpaka 65 toka mbegu mpaka ua jike zuri kwenye shina kuu. Chukua kupima tarehe 4 Oktoba, toa siku 95 unaangukia tarehe 1 Julai, toa tena 65 upo tarehe 27 Aprili. Kumbe hesabu tu! Na hata hiyo 27 Aprili mbegu haiendi shambani, inaanzia ndani kwenye udongo wenye joto la nyuzi 27 mpaka 30, ikitoka inakaa kikoponi siku chache alafu inahamia nje chini ya nailoni mpaka sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, iishe.

Mimi niliwahi kufuata tarehe ya kwenye pakiti bila kufikiria na huku kwangu joto halifuati pakiti. Mbegu ilitoka siku ya tano, mmea ukatambaa mpaka majirani wakaanza kuja kuangalia, ua jike la kwanza likafunguka siku ya 58 na wiki hiyohiyo mchana ulikuwa unapiga nyuzi 36. Nikachavusha asubuhi nikajiona fundi. Siku ya sita kile kiboga cha saizi ya ngumi kikawa cha njano, kikalegea kama puto la juzi, nikikigusa kikadondoka chenyewe. La pili hivohivo. La tatu likashika ila kwa kuchelewa, mvua zikaliwahi, majani yakapata ukungu na boga likaoza kitako likiwa na kilo 41, na hapo nishawaambia watu waandae mizani.

Shida ni kwamba chavua inakufa joto likizidi sana na ua jike nalo linatupa boga. Wengine kwenye joto wanatega chupa za barafu kuzunguka ua na kulifunika kivuli, inasaidia, ila dawa ya kweli ni kulipanga ua lisikutane na joto kabisa. Na baada ya kuchavusha, kuanzia siku ya 20 hivi mpaka ya 40, boga ndo linakimbia, yale makubwa kweli yanaweza kuongeza kilo 20 na zaidi kwa siku moja! Hizo wiki tatu ndo uzitafutie hali ya hewa nzuri, mchana wa nyuzi 25 hivi na usiku wa kupoa. Usiku ukiwa wa moto mmea unachoma wenyewe sukari iliyotengenezwa mchana, boga linabaki na makombo.

Kwa wa karibu na ikweta sakitu mara nyingi sio tatizo, unaweza kupanda mwezi wowote, na ndo maana watu wanapanda ovyo. Nyie angalieni mvua na mwinuko, ua lifunguke mvua zikiwa zinaisha, alafu umwagilie. Ukiwa juu mlimani unapata usiku wa baridi, huo mtaji. Ila tusidanganyane kuhusu rekodi, mchana wetu ni masaa 12 mwaka mzima wakati kule juu Uingereza mwezi wa Juni wanafika 16, na mapacha wa huko, Ian na Stuart Paton, ndo walifikisha boga la kilo 1,278.8 mwaka 2025, tena ndani ya grinihausi. Alaska, ambako msimu ni kiduchu, mwaka 2022 lilipimwa boga la zaidi ya kilo 900. Kufunika na masaa mengi ya jua vinaziba pengo la msimu mfupi.

Alafu kuna hii tabia ya kuwahi, mtu anadhani akipanda mwezi mzima kabla atapata boga kubwa zaidi. Wapi, mche unazunguka mizizi kwenye kikopo, ukitoka unakuta udongo wa baridi unadumaa, au boga linakomaa mapema linakaa wiki kadhaa likisubiri mizani huku linapasuka.

Kwahiyo mhariri mkiandika tena wekeni siku na sio mwezi, mtu ajihesabie kwa hali ya hewa ya kwake. Mimi mara hii nimeanza na wiki ninayotaka ua lifunguke, mbegu nne ziko udongoni tangu jana, na ikifika zamu yake nitakuwa shambani saa kumi na mbili asubuhi na ua dume mkononi maana ikigonga saa nne limeshafunga.

Msomaji wenu, mkulima wa maboga