Meli si za watu wa pwani peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu wa Mbeya, Njombe na Iringa.

Kijana ninayemfundisha kazi hapa Uyole anataka kwenda Chuo cha Bahari Dar es Salaam kusomea uhandisi wa meli. Nozeli mbovu, ile inayopulizia mafuta ndani ya injini, anaijua kwa mlio wa injini na rangi ya moshi. Juzi baba yake alikuja karakana, tumeifungua mashine ya kusaga, akasema mbele yetu: "Sisi watu wa milimani. Meli tuwaachie wa pwani." Ni mkubwa kwangu, sikubishana naye. Lakini neno lile limenikaa kooni.

Chester Nimitz, aliyekuja kuliongoza Jeshi la Wanamaji la Marekani, alizaliwa mwaka 1885 Fredericksburg, mji wa bara huko Texas. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, naye akakulia kwenye kazi za hoteli ya familia. Alitaka jeshi la nchi kavu. Nafasi zilikuwa zimejaa, akaambiwa zimebaki za wanamaji. Akaenda chuo cha wanamaji cha Annapolis mwaka 1901, hata sekondari hajamaliza.

Mwaka 1908, akiwa afisa kijana, aliikwamisha manowari Decatur kule Ufilipino. Mahakama ya kijeshi ikampa karipio, kazi hakufukuzwa. Walifanya vizuri sana.

Mimi kinachonigusa zaidi ni dizeli. Nyambizi za enzi zile zilitumia petroli, na mvuke wake uliwaumiza waliofungiwa humo ndani. Nimitz akashikilia dizeli, na mwaka 1913 akatumwa Ujerumani kujifunza. Aliporudi alisimamia injini za dizeli za Maumee, meli ya kubebea mafuta. Siku moja akiwaonyesha wageni injini hizo, glavu ikanaswa na meno ya gia, na mkono ukaanza kuvutwa. Pete ya chuo aliyovaa ndiyo iliyozuia gia, akawahi kuuchomoa. Kipande cha kidole kilibaki humo. Fundi yeyote aliyewahi kupeleka kitambaa karibu na gia inayozunguka anajua mtu huyu aliponea wapi.

Mtu huyohuyo ndiye aliyesaini kwa niaba ya Marekani Japani iliposalimu amri, Septemba 2, 1945, baada ya yeye kuziongoza meli za Pasifiki tangu Desemba 31, 1941, wiki chache tu baada ya Japani kushambulia kambi ya wanamaji ya Marekani ya Pearl Harbor. Desemba 1945 akawa mkuu wa jeshi lote la wanamaji, kwa miaka miwili.

Na sisi si kwamba hatuna maji. Ziwa Nyasa liko Kyela, na MV Mbeya II iliundwa palepale Itungi. Injini zake zikigoma, nani azifungue?

Mhariri, nakuomba uchapishe sifa za kujiunga na chuo hicho pamoja na ada zake, tena mapema, kabla wazazi wa huku hawajawaamulia watoto. Mzee wetu hulisoma gazeti lako kila Jumamosi. Nitamwekea nakala karakana.

Fundi wa mashine za dizeli,
Uyole, Mbeya